Mgeni Akishamaliza Big Ben: Siku Mbili za Kutembea Bromley

Mgeni akija London kutoka nyumbani, siku tatu za mwanzo hazina swali. Ataona Big Ben, atapiga picha Tower Bridge, atasimama nje ya kasri la Buckingham mpaka miguu imuume. Siku ya nne ndipo mwenyeji anapoanza kukuna kichwa. Mimi siku hiyo humpandisha mgeni wangu treni ya kwenda Bromley.

Bromley ni manispaa ya kusini-mashariki ya jiji, na kwa eneo ndiyo kubwa kuliko manispaa zote za London, kama kilomita za mraba 150. Iliundwa mwaka 1965 kwa kuunganisha Beckenham, Penge, Orpington, Chislehurst na mji wa Bromley wenyewe. Kabla ya hapo sehemu hizi zilihesabiwa kuwa za Kent, na hata leo ukifika upande wa kusini utakuta mashamba, farasi, na vijia ambavyo magari mawili hupishana kwa shida. Wengi wanaijua kama mahali pa kurudi kulala baada ya kazi mjini. Mimi naipenda kwa sababu mambo makubwa yaliyotokea hapa bado yana mahali pake: unasimama kwenye njia ile ile, ndani ya pango lile lile, kando ya mti ule ule. Mgeni hahitaji kusoma maelezo marefu ukutani. Anahitaji mtu wa kumfikisha na kumwambia, "Ni hapa."

Nimempeleka shangazi yangu wa Tanga, watoto, na marafiki waliokuwa na saa chache tu. Nilichojifunza nakipanga hapa kwa hatua. Saa zote nilizoandika ni za Kiswahili: nikisema saa nne asubuhi, saa ya ukutani ya Uingereza itaonyesha kumi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kila mtu mzima awe na kadi yake ya kulipia nauli. Inaweza kuwa Oyster, kadi ya benki ya kugusa, au simu. Basi za London hazipokei pesa taslimu tangu mwaka 2014, na kadi moja haiwezi kuwalipia watu wawili safari moja. Nimeona mgeni akiachwa kituoni na noti mkononi, jambo la aibu ambalo lingeepukika jana yake usiku. Kwenye treni gusa ukiingia na ukitoka. Kwenye basi gusa mara moja tu unapopanda. Ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hulipi tena, na hiyo itakusaidia sana siku ya pili. Siku za kazi, subiri saa tatu na nusu asubuhi ipite ndipo upande treni, nauli hushuka.

Chagua kati ya Aprili na Septemba ukiweza. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na huko Keston na Downe njia za msituni hazina taa. Viatu viwe vya kushika ardhi: udongo wa huku mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Beba sweta hata kama ni Julai, kwa sababu ya mapango.

Tiketi mbili unazohitaji ni za mapango ya Chislehurst na za Down House, nyumba ya mwanasayansi Charles Darwin. Huenda mojawapo isifunguliwe siku unayoitaka, hivyo tazama tovuti zao kwanza ndipo uchague siku za safari. Chakula beba chako. Chupa ya chai, chapati za kukunja na maandazi vinakaa vizuri kwenye begi, na mabenchi ya kulia hayakosekani.

Siku ya kwanza

Hatua ya 1: Anza na mijusi ya Crystal Palace

Panda treni kutoka Victoria au London Bridge ushuke Crystal Palace, au chukua treni ya Overground ya njia ya Windrush ushuke Penge West, ambako ni karibu zaidi na ziwa. Bustani hii iko pembeni kabisa mwa Bromley, mahali ambapo manispaa tano zinakutana. Imekuwa ikifanyiwa ukarabati mkubwa, basi tazama kwanza kama upande wa ziwa uko wazi.

Nenda moja kwa moja ziwani. Kwenye visiwa vyake kuna sanamu kama 30 za wanyama wa kale, zilizotengenezwa na Benjamin Waterhouse Hawkins na kufunguliwa mwaka 1854. Tafakari mwaka huo. Neno "dinosauri" lenyewe lilikuwa limebuniwa mwaka 1842, miaka 12 tu nyuma. Hakuna aliyewahi kuona mifupa kamili ya mnyama hata mmoja wa namna hiyo. Wataalamu walikuwa na meno, vipande vya taya, na ujasiri. Hawkins akachukua matofali, vyuma na saruji akajenga wanyama wenye ukubwa wa nyumba. Usiku wa Desemba 31, 1853 aliwakaribisha wanasayansi kwenye karamu iliyoandaliwa ndani ya kalibu ya Iguanodoni.

Huyo Iguanodoni ndiye wa kumtazama kwa makini. Amesimama kwa miguu minne, mzito kama kifaru, na puani ana pembe fupi. Miaka ya 1870 wachimba makaa wa Bernissart, Ubelgiji, walikuta mifupa ya wengi wa aina yake ikiwa imeungana, na hapo ikajulikana kwamba ile "pembe" ni mfupa wa kidole gumba. Sanamu haikurekebishwa. Imebaki na gumba puani, na ndiyo maana naithamini: unaona kwa macho yako jinsi watu wa wakati ule walivyofikiri kwa kidogo walichokuwa nacho. Waulize watoto wamtafute mwenye gumba puani kabla hujawaambia ni yupi.

Kama mgeni wako ni Mtanzania, hapa ndipo pa kumkumbusha Tendaguru, kule Lindi. Kati ya 1909 na 1913 wachimbuzi wa Kijerumani walitoa huko mifupa zaidi ya tani 200, iliyobebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini, na mjusi mkubwa aliyeunganishwa kutokana nayo amesimama Berlin mpaka leo, urefu zaidi ya mita 13. Waingereza nao walikwenda Tendaguru kuanzia 1924. Wa Bromley ni wa saruji; mifupa ya kwetu ni ya kweli, na iko mbali na kwao.

Kisha panda mlima taratibu hadi kwenye matuta ya juu. Utakuta ngazi pana za mawe na sanamu za simba wenye vichwa vya watu, wakilinda uwanja mtupu. Hapo lilisimama Jumba la Kioo, ndilo Crystal Palace lenyewe, lile la maonyesho makubwa ya 1851 katika Hyde Park, lililofunguliwa vipande vipande, likavushwa jiji zima na kujengwa upya huku mwaka 1854. Novemba 30, 1936 liliungua usiku mmoja. Simama katikati ya ngazi, utaona bonde lote hadi Kent. Tenga saa mbili kwa bustani nzima.

Hatua ya 2: Pita Beckenham, kwa nusu saa

Basi namba 227 linatoka Crystal Palace kupitia Penge na Beckenham hadi Bromley. Shuka Beckenham, uulize bustani ya Croydon Road Recreation Ground. Katikati yake kuna kibanda cha bendi cha chuma, cha enzi ya Mfalme Edward. Agosti 16, 1969 mwanamuziki kijana wa huku aliyekuwa akianza kujulikana, David Bowie, alisimamia hapo tamasha la bure pamoja na wenzake, siku chache tu baada ya kumzika baba yake. Kibanda kiliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa mwaka 2019.

Wasichana wengi wa kwetu wanamjua zaidi mke wake kuliko yeye: Iman, mzaliwa wa Mogadishu, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanza kazi ya uanamitindo. Mwambie mgeni hivyo, utaona anavyolitazama jukwaa kwa jicho jingine.

Hatua ya 3: Ingia chini ya ardhi, Chislehurst

Endelea na 227 hadi Bromley, ubadilishe upande 269 kuelekea Chislehurst. Mapango yako karibu na stesheni ya Chislehurst, kwa hiyo anayetoka katikati ya jiji anaweza kuja kwa treni moja kwa moja.

Utaambiwa ni mapango, lakini hakuna lililochimbwa na maji wala na Mungu kwa mkono wake mwenyewe. Ni machimbo. Kwa mamia ya miaka, hadi karne ya 19, watu walichonga mwamba huu mweupe wa chaki kwa sululu, wakatoa chaki ya kuchoma chokaa na mawe ya gumegume. Aliyekulia pwani haelezwi zaidi: sisi tulichoma matumbawe, wao walichoma chaki, na nyumba zote mbili zikapakwa weupe ule ule. Gumegume lilikuwa la kutoa cheche kwenye bunduki. Jumla ya njia zilizobaki ni kama kilomita 35.

Unapewa taa ya mkononi, mnaingia kundi moja na mwongozaji, na ziara huchukua karibu saa nzima. Joto ni la nyuzi 10 kiangazi na kipupwe. Sweta ndiyo saa yake. Gusa ukuta. Utaona alama za sululu, fupifupi na za mshazari, kama mikwaruzo ya kijiko kwenye ukoko, na kidole kitatoka cheupe. Inua taa utazame juu: gumegume nyeusi zimejipanga kwenye mwamba.

Utaonyeshwa pia "madhabahu" ya makuhani wa kale na sehemu zinazoitwa za Warumi. Msikilize mwongozaji kwa adabu, lakini hizo ni nadharia za mwanzo wa karne ya 20 ambazo ushahidi wake ni dhaifu. Historia ya kweli ya mapango haya inatosha bila hizo. Vita vya kwanza vilihifadhi risasi na baruti humu. Baadaye paliotesha uyoga. Na mabomu ya Wajerumani yalipoanza kuinyeshea London mwaka 1940, watu walishuka kwa maelfu kulala hapa, mpaka wakafikia 15,000 kwa usiku. Waliwekewa umeme, vitanda vya ngazi, kanisa, sinema na hospitali. Mtoto wa kike alizaliwa humu, akabatizwa kwa jina lililotokana na neno lao la pango.

Kuna mahali mwongozaji huwaomba mkae kimya, kisha huondoka na taa. Nilikuwa nimemshika mkono shangazi. Giza lile si la usiku. Usiku una nyota, una mwanga wa jirani. Hili halina kitu. Baada ya kitambo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na watoto walilala humu?" Nikamwambia ndiyo, usiku baada ya usiku. Akavuta shali yake, hakusema tena mpaka tulipotoka. Mwenye hofu ya sehemu finyu au ya giza mwambie mapema asubiri kwenye mkahawa wa nje.

Ukiwa na muda, pita kwenye malisho ya Chislehurst Common uone msalaba wa kumbukumbu ya mwana wa Napoleon III. Baba yake, mfalme wa mwisho wa Ufaransa, alikimbilia hapa baada ya kushindwa vita na kuanguka mwaka 1870, akafia nyumba ya Camden Place Januari 9, 1873. Kijana akajiunga na Waingereza, akauawa na Wazulu Juni 1, 1879 akiwa na miaka 23. Tumaini la kurudisha ufalme wa ukoo wao Ufaransa likaishia Afrika Kusini.

Hatua ya 4: Saa ya jua ya Petts Wood

Hii ni ya siku yenye jua tu. Mawingu yakitanda, rudi nyumbani ukapumzike. Kutoka Chislehurst, treni kituo kimoja hadi Petts Wood, kisha tembea kuingia msituni, ukifuata vibao vya Willett Memorial.

William Willett alikuwa mjenzi wa nyumba, mkazi wa Chislehurst, aliyependa kupanda farasi alfajiri. Akipita msitu huu kiangazi aliona jua limepanda zamani lakini mapazia ya watu bado yamefungwa. Ikamwuma. Mwaka 1907 alichapisha kijitabu akitaka saa zisogezwe mbele kiangazi. Hesabu yake ya kwanza ilikuwa dakika 80, kwa awamu nne za dakika 20 kila Jumapili ya Aprili. Bunge halikumsikiliza. Alifariki mwaka 1915, na mwaka uliofuata, vita vikilazimisha kubana makaa, sheria ikapita. Kwa hiyo kila Machi simu yako inapojisogeza saa moja, chanzo chake ni mtu huyu na msitu huu. Kumbukumbu yake, iliyowekwa mwaka 1927, ni nguzo ya jiwe yenye saa ya jua, na maandishi yake ya Kilatini yanasema inahesabu saa za kiangazi pekee.

Shangazi alisimama mbele yake karibu na adhuhuri. Kivuli cha chuma kilikuwa kimeshuka wima katikati.

"Saa sita hii, mwanangu," akasema.

Nikamwonyesha namba ya Kirumi iliyochongwa pale kilipoangukia. Ni moja. Kwetu, saa saba.

"Basi wameliongezea jua saa ambayo halikuifanya," akasema, akakaa kwenye gogo kuifikiria.

Nami tangu siku hiyo nimeelewa kwa nini wazo hili halikuweza kuzaliwa kwetu. Saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza, na pwani jua halitofautiani sana mwaka mzima. Saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Aliyewahi kufunga Ramadhani ya Juni hapa London, akisubiri Magharibi mpaka saa tatu na dakika 20 usiku, anajua uzito wa jambo hili tumboni mwake.

Siku ya pili

Hatua ya 5: Mjini Bromley, haraka

Kutoka Victoria treni za haraka hufika Bromley South kwa kama dakika 20. Panda barabara ya High Street. Mji huu ulipewa kibali cha soko na Mfalme John mwaka 1205, na mwandishi H. G. Wells alizaliwa juu ya duka la vyombo la baba yake kwenye barabara hii hii, Septemba 21, 1866. Nyumba haipo, lipo bango la kumbukumbu. Ukiendelea kaskazini utaona malango ya Bromley College, nyumba zilizojengwa kwa wosia wa Askofu John Warner, aliyefariki 1666, kwa ajili ya wajane wa makasisi. Watu bado wanaishi humo, hivyo tazama kutoka nje. Saa moja yatosha. Nunua maji, nenda chooni, kwa sababu huko mbele vyoo ni vya kutafuta.

Hatua ya 6: Keston, mti wa Wilberforce

Chukua basi 146 au 246 hadi Keston. Anza kwenye mabwawa, Keston Ponds. Juu yake kuna chemchemi iliyozungushiwa mawe, Caesar's Well, ambayo ni chanzo cha mto Ravensbourne unaoteremka hadi Thames pale Deptford. Hadithi ya wenyeji inasema askari wa Kaisari walikosa maji, wakamwona kunguru akitua mahali pamoja kila siku, wakamfuata. Ni hadithi tu, ila maji ni baridi na safi kuyatazama, na watoto wa mbwa wa mtaa mzima wanayajua.

Kutoka hapo fuata vibao vya London LOOP, njia ya miguu inayoizunguka London yote, kuelekea Holwood. Njia inapanda kando ya shamba lililokuwa la William Pitt, waziri mkuu. Mbele kidogo utakuta benchi la jiwe lililowekwa mwaka 1862, na mabaki ya mwaloni mkongwe.

Mei 1787 vijana watatu walikaa chini ya mti huo: Pitt, William Grenville, na mbunge William Wilberforce. Pitt na Wilberforce walikuwa na miaka 27 kila mmoja. Baada ya mazungumzo yao Wilberforce aliamua kupeleka bungeni hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, na maneno yake kutoka kwenye shajara yamechongwa kwenye benchi. Ilimchukua miaka 20. Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo ilipita 1807, na ile ya kufuta utumwa katika makoloni 1833. Serikali ikalipa fidia ya pauni milioni 20, na ikawalipa wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakupewa kitu.

Hapa usipite haraka. Kaa, toa chai. Mgeni wa kutoka pwani atauliza swali alilouliza shangazi: "Na waliouzwa kwetu je?" Jibu lake ni kwamba mazungumzo ya mti huu yalihusu bahari nyingine. Soko la Unguja liliendelea miaka 66 baada ya sheria ya 1807, mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba Juni 1873, na hata hapo utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja hadi 1897. Juu ya soko lile pamejengwa kanisa la Mkunazini. Na hata kwa upande wa Atlantiki, mbunge huyu hakuwa peke yake: Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa akajinunua, alichapisha habari za maisha yake 1789 na kuzunguka Uingereza akiisomea. Mimi huona lazima jina lake litajwe kwa sauti mahali hapa, kwa kuwa benchi halimtaji.

Hapa ndipo pa kuamua. Anayependa habari za vita arudi barabarani akachukue 246 hadi Biggin Hill, uwanja wa ndege za kivita uliolinda London mwaka 1940. Kuna makumbusho yaliyofunguliwa 2019 na kanisa dogo lenye vioo vya rangi kwa ajili ya marubani waliokufa. Ulizia habari za Joan Mortimer, Elspeth Henderson na Helen Turner, wanawake watatu waliobaki kwenye simu zao huku mabomu yakianguka na kutunukiwa nishani ya kijeshi. Anayependa mimea, wadudu na ukimya aende Downe. Vyote viwili kwa siku moja na mtu mzima mwenye magoti mabovu, haiwezekani.

Hatua ya 7: Downe, nyumba ya Darwin

Basi 146 linaendelea hadi Downe na kugeuzia mbele ya kanisa. Ni mara moja kwa saa, hivyo piga picha ratiba ya kituoni ukishuka. Tazama ukuta wa kanisa: umejengwa kwa gumegume zile zile ulizoziona darini mwa pango jana. Mke wa Darwin, Emma, amezikwa uani. Kutoka hapo ni mwendo wa kama dakika kumi kwenye Luxted Road. Mwende mmoja nyuma ya mwingine, barabara ni nyembamba.

Darwin alihamia hapa Septemba 1842, akiwa na miaka 33, akakaa 40 mpaka alipofariki Aprili 1882. Alikuwa ameshazunguka dunia kwa merikebu na hakutoka tena Uingereza. Anza na chumba chake cha kazi. Kuna kiti alichokifunga magurudumu ili asogee bila kusimama, na ubao aliouweka magotini akiandika. Humo alitumia miaka minane akichunguza vile vijidudu vinavyong'ang'ania miamba na matumbo ya majahazi. Watoto wake walizoea kazi hiyo kiasi kwamba mmoja, alipotembelea rafiki, aliuliza baba wa nyumba ile anafanyia wapi vijidudu vyake.

Mbele ya meza ile nawaomba mkumbuke Juni 1858. Ilimfikia barua ya Alfred Russel Wallace kutoka visiwa vya Malai, ikiwa na wazo lile lile alilolificha kwa miaka 20, la jinsi viumbe wanavyobadilika kwa uteuzi wa asili. Wiki hiyo hiyo nyumba iliingiwa na homa, na Juni 28 mtoto wao mchanga akafariki. Julai 1 maandishi ya wote wawili yaliposomwa mjini London, Darwin hakuwepo. Alikuwa nyumbani na msiba. Kitabu chake kikubwa kilitoka Novemba mwaka uliofuata. Walizaa watoto kumi, wakakua saba.

Kisha toka nje, na hapo ndipo utakapopenda. Katikati ya majani kuna jiwe la duara lenye tundu, lililowekwa upya kwa mfano wa lile la zamani. Lilikuwa la kupima nyungunyungu. Darwin aliamini kwamba nyungunyungu, kwa kupandisha udongo wa chini juu kidogo kidogo, huzamisha mawe na hata kuta za Warumi, na jiwe lilionyesha kuzama kama milimita 2 kwa mwaka. Aliwaweka wengine ndani ya vyungu mle nyumbani. Walipigiwa kelele, walipuliziwa zumari nene na mwanawe, hawakutikisika. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano na sauti nzito ikapigwa, wakarudi mashimoni mara moja. Hawasikii kwa masikio, wanasikia kwa mwili. Piano ipo sebuleni, pita uione.

Mwisho wa bustani kuna mlango mdogo wa kuingia Sandwalk, njia ya kokoto inayozunguka kijisitu. Hapo alitembea karibu kila siku akifikiri. Alipanga gumegume kadhaa mwanzoni mwa njia, na kila mzunguko alipiga moja teke, asipoteze hesabu wala kukatiza mawazo. Fanya vivyo hivyo: panga vijiwe vitatu, zunguka mara tatu, bila kuongea. Upande mmoja ni kivuli cha miti, upande wa pili bonde liko wazi. Mzunguko wa kwanza utakuwa unafikiria basi. Wa tatu hutakuwa unalifikiria.

Rudi kanisani dakika kumi kabla ya muda uliopiga picha, kwa sababu likikupita ni saa nzima nyingine. Kaa upande wa kushoto wa basi ukitazama mashamba. Pale Bromley South, treni ya Victoria.